Kambi na Uvuvi wa Trauti Katika Mlima Kenya

Sisi tuliokulia karibu na Ziwa Viktoria twajua uvuvi wa namna moja: mitumbwi, nyavu, na kelele za mwaloni wakati samaki wanapopimwa. Twajua ngege, twajua na sangara ambaye huku Uganda huitwa mputa. Basi nikisema kwamba katika nchi jirani ya Kenya wako samaki wanaokaa juu mlimani, pahali ambapo umande huganda kila usiku, na kwamba huvuliwa kwa unyoya uliofungwa juu ya ndoana, wengi hucheka. Baadhi ya wanafunzi wa shule yetu wanaopenda kupanda milima wameniomba nieleze habari hizi kwa utaratibu. Nitafanya hivyo, kwa kuwa ziko faida nyingi ndani yake, tena iko hatari ambayo ni lazima kila mmoja aijue kabla hajafunga mzigo wake.

Kwanza tumtazame samaki mwenyewe. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Cape hata Cairo, alileta trauti wa kahawia wa asili ya Loch Leven huko Scotland, wakatiwa katika mto Gura unaotoka katika milima ya Aberdare. Mwaka 1910 ikaletwa aina ya pili kutoka Afrika Kusini. Hao huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa sababu wana mstari wa rangi nyekundu ubavuni, na asili yao ni upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini. Baadaye samaki hao walitiwa katika mito na maziwa ya Mlima Kenya pia, na huko Kiganjo, karibu na Nyeri, yakajengwa mabwawa ya kuzalishia vifaranga.

Mtu atauliza: kwa nini walipelekwa juu mlimani, wala si katika mito mikubwa ya chini yenye chakula tele? Sababu ni baridi. Samaki huvuta oksijeni iliyomo majini, na maji ya baridi huchukua oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 10 yaweza kuchukua miligramu 11 hivi za oksijeni; yakifika nyuzi 30 hayachukui hata 8. Juu mlimani hewa ni nyepesi, kwa hiyo oksijeni hupungua kidogo, lakini mito ya huko huruka juu ya mawe na kuchanganyika na hewa mchana na usiku. Trauti hustawi katika maji ya nyuzi 10 mpaka 16. Yakipita 20 huacha kula, na yakikaribia 25 hufa. Madhali joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kila upandapo mita 1,000, haikosi trauti amepata makao yake katika milima mirefu tu.

Tena trauti jike hutaga mayai katika changarawe safi chini ya maji yaendayo. Huchimba kishimo kwa mkia, hutaga, kisha huyafunika. Maji hupita katikati ya changarawe na kuyapa mayai pumzi. Ikiwa watu wamekata miti ya kingo za mto, jua hupasha maji moto, na mvua huleta udongo unaoziba changarawe. Mayai hufa kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo mahali mto ulipokuwa na trauti jana na leo hawamo, mtu mwenye akili hauulizi mto. Hupanda juu akautazama msitu. Maji hayo ndiyo yanayoingia katika mto Tana, yakaendesha mitambo ya umeme, yakanywewa na watu na ng'ombe mpaka karibu na pwani. Samaki huyu ni mgeni, lakini anatoa ushahidi wa kweli.

Sasa nieleze jinsi anavyovuliwa. Chukua unyoya wa kuku ujaribu kuutupa mbali. Utaanguka miguuni pako. Chambo chetu ni kama unyoya huo: ni ndoana ndogo iliyozungushiwa manyoya ya jogoo, uzi na sufu ikafanana na mdudu. Wavuvi humwita inzi wa bandia. Hana uzito, hatupiki. Lakini mfikirie mchunga ng'ombe na mjeledi wake. Ncha ya mjeledi ni nyepesi, walakini hufika mbali kwa sababu uzito uko katika mjeledi wenyewe. Ndivyo ilivyo katika uvuvi huu. Katika uvuvi wa kawaida, chambo au kipande cha risasi ndicho kinachovuta mshipi. Hapa mshipi ndio unaomchukua inzi. Mshipi huo ni mnene, na kwenye ncha yake hufungwa uzi mwembamba wa nailoni wa mita 2 au 3, ili samaki asiuone mshipi.

Mvuvi huinua ufito wake kwa nguvu kidogo, mshipi ukaruka nyuma. Hapo husimama. Hafanyi neno lo lote mpaka mshipi unyooke wote nyuma ya mgongo wake. Ndipo anapousukuma mbele, nao hukunjuka na kumlaza inzi juu ya maji polepole. Mwenye haraka husikia mlio kama wa mjeledi, na akivuta mshipi wake huona uzi mtupu: inzi amekatika. Wengine huongeza nguvu wakidhani kwamba mkono wao ni dhaifu. Dawa si nguvu, ni kungoja.

Kabla ya kumchagua inzi, ingia mtoni ugeuze jiwe. Chini yake utaona wadudu wadogo wa majini, wengine wamejijengea vijumba vya mchanga, wengine wamelala bapa wameshikilia jiwe kwa makucha. Hao ndio chakula cha trauti siku zote. Chagua inzi anayelingana nao kwa ukubwa na rangi. Wavuvi wageni huja na visanduku vya inzi wa rangi zote za sokoni, lakini mara nyingi inzi mdogo mweusi au wa kahawia hutosha.

Kisha soma maji. Trauti hukaa ameelekeza kichwa upande maji yanakotoka, kwa sababu chakula chake huja na mkondo. Hapendi kushindana na mkondo bure, kwa hiyo hukaa nyuma ya jiwe au pembeni pa maji ya kasi, pahali ambapo hupumzika huku akiona riziki ikipita karibu. Mkaribie kwa nyuma, yaani panda mto wala usishuke nao. Inama. Nuru hupinda inapoingia majini, na samaki huiona dunia ya juu kama kwa dirisha la mviringo lililo juu ya kichwa chake; mtu aliyeinama huwa ukingoni mwa dirisha hilo na haonekani vema, bali aliyesimama huonekana wazi. Usikanyage kwa kishindo, maana samaki ana mstari ubavuni unaosikia mtikisiko. Wala usiache kivuli chako kitangulie mbele yako.

Haya yote ni kazi ya mchana. Usiku una mashauri yake, na huko ndiko wengi hushindwa.

Sisi tulipitia upande wa mashariki, njia ya Chogoria. Unaacha mashamba ya chai na kahawa, unaingia msitu mkubwa, kisha mianzi, mpaka unafika lango la hifadhi karibu na mita 2,950. Juu ya hapo miti humalizika polepole, ikaja nyika ya manyasi na vichaka vya erika, na juu zaidi lobelia na senesio kubwa zilizosimama kama watu waliojifunika mablanketi. Ziwa Ellis liko karibu na mita 3,500. Ziwa Michaelson liko juu zaidi, ndani ya bonde lenye kuta za mawe, karibu na mita 4,000. Juu ya yote kuna Batian, kilele cha mita 5,199. Wakikuyu, Waembu na Wameru huuheshimu mlima huu tangu kale kuwa ni mahali patakatifu, na mgeni yampasa kutembea huko kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada ya jirani yake.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, au tena Julai mpaka Septemba. Mvua za masika, toka Machi mpaka Mei, na za vuli, toka Oktoba mpaka Desemba, hufanya njia kuwa matope na mito kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Trauti hamwoni inzi katika maji kama hayo.

Katika kupiga kambi, usilale chini kabisa bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, hushuka usiku na kukaa chini kama maji katika bakuli. Panda hatua chache kwenye mteremko. Usilale juu ya njia iliyokanyagwa na nyati au tembo, hata ikiwa ni laini na tambarare, maana wenyewe wataitumia usiku. Hema iwe mbali na mto kwa hatua 70 au zaidi, na choo kichimbwe mbali vile vile, kisha kifukiwe. Weka nguo moja ya sufu na soksi moja ambazo hutavaa mchana kwa sababu yo yote, hata ukiloa. Hizo ni za kulalia. Mtu mkavu aweza kuivumilia baridi, lakini aliyelala na nguo mbichi hutetemeka mpaka nguvu zimwishe, na baridi hiyo yaweza kuua.

Usiwashe moto wa kuni katika nyika ya juu. Erika ina mafuta, huwaka hata ikiwa mbichi, nayo hukua polepole mno. Mwezi wa Machi 1912 hatukuwapo, lakini Machi 2012 wengi waliuona moshi kwa macho yao, moto ulipochoma sehemu kubwa za nyika na misitu ya mlima huu. Chukua jiko dogo la gesi au la mafuta ya taa.

Juu ya chakula nina neno kwa wapishi. Kadiri unavyopanda, maji huchemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha. Katika mita 4,000 huchemka kwenye nyuzi 87 hivi. Hata ukoleze jiko namna gani, maji hayatazidi hapo. Yatachemka kwa makelele tu. Kwa hiyo maharagwe ni mzigo wa bure: utayapika toka magharibi hata usiku wa manane na bado yatakuwa mawe. Chukua unga wa posho, karanga zilizokaangwa, sukari na majani ya chai. Sisi tulichukua pia mukene waliokaushwa. Wachukuzi wetu walicheka sana kuona watu wanaopeleka samaki mlimani kwenda kuvua samaki, lakini siku ambazo mto haukutoa kitu hawakucheka tena. Walikula pamoja nasi.

Sasa nije kwenye hatari niliyoitaja mwanzo. Kupita mita 2,500 mtu yeyote aweza kushikwa na ugonjwa wa mlima, kwa sababu kila pumzi ina oksijeni chache kuliko mwili ulivyozoea. Haujali nguvu wala umri. Mchezaji hodari wa mpira aweza kushikwa, na mwalimu wake mzee akasalimika. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande tena mpaka ziishe. Zikizidi, akianza kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyo na maana, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, basi ubongo au mapafu yake yameanza kujaa maji, na dawa ya kwanza ni moja: kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Kinga yake ni kupanda polepole. Ukiisha kupita mita 3,000, usilale juu zaidi ya mita 500 kupita ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja.

Sisi tulikuwa wanne, pamoja na wachukuzi wawili wa Chogoria. Tulilala usiku mmoja langoni, usiku mbili karibu na mita 3,300, na siku ya nne tukapiga kambi kwenye mita 3,800, tukikusudia kwenda asubuhi mpaka Ziwa Michaelson. Tulikuwa tumelizungumza ziwa hilo mwaka mzima. Jioni mwenzetu mmoja alikataa posho akasema ameshiba. Saa nane za usiku nilimsikia akitapika nje ya hema. Nikamwambia atembee mbele ya mwanga wa tochi, kisigino kwa kidole, kama watoto wanavyopima kiwanja. Hatua ya tatu aliyumba, ya nne akaanguka.

Akasema, "Jamani, niacheni mpaka asubuhi. Mmetoka mbali kwa ajili ya ziwa hili. Msiharibu safari kwa sababu yangu."

Mchukuzi mkubwa, mzee mwenye maneno machache, alikuwa amekwisha kuanza kufunga mizigo. Alijibu, "Ziwa halina miguu, kijana. Wewe ndiwe wa kuondoka."

Tukashuka. Wawili walimshika mkono huku na huku, mmoja akatangulia na tochi, na sisi wengine tukachukua mizigo. Baridi ilikuwa imeganda juu ya majani, ikivunjika chini ya viatu kama kioo. Mteremko tuliopanda mchana kwa saa tatu ulituchukua karibu saa nne. Kulipopambazuka tulikuwa tena kwenye mita 3,300. Mgonjwa akaketi juu ya mzigo, akaomba chai, na kikombe cha pili akakitia sukari mwenyewe. Saa tatu za asubuhi akauliza kama kuna posho. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza tena kama watu. Baadaye alituambia kwamba kichwa kilikuwa kinamwuma tangu siku iliyotangulia, naye akaficha kwa kuona haya.

Tulivua siku hiyo katika kijito kilichokuwa chini ya kambi, kijito ambacho mtu aweza kukiruka. Tukapata trauti watatu, hata mmoja hakufika urefu wa mikono miwili ya mtu ikiunganishwa. Mmoja tulimrudisha majini, wawili wakaingia katika sufuria. Ziwa Michaelson sijalitupia mshipi mpaka leo.

Nasimulia haya ili kila kundi lifanye mapatano kabla ya kuondoka nyumbani: kwamba aliye na maumivu atasema, wala hatachekwa, na kwamba mmoja akilazimika kushuka, wote watashuka, bila kuhesabu nauli wala siku za likizo zilizopotea. Mapatano hayo hayawezi kufanywa saa nane za usiku katika baridi, wakati kila mtu amechoka na ziwa liko karibu.

Yamebaki masharti ya samaki. Pata kibali cha kuvua na ulipe kiingilio cha hifadhi, uulize sheria za mwaka huo, maana hubadilika. Chukua mtu wa huko anayeijua njia, umlipe haki yake. Kwa maji ya baridi samaki hukua polepole, na kijito kidogo chaweza kumalizwa na wavuvi wachache wasio na kiasi. Twaa wale tu utakaowala siku ile. Unayetaka kumla, mpige kichwani mara moja asiteseke. Unayetaka kumrudisha, lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na ukungu wa magonjwa. Kisha mshike taratibu ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe. Ukikibana kile kijino cha ndoana kwa koleo kabla ya kuvua, kumfungua kutakuwa rahisi.

Mwisho, wengine husema kwamba mchezo huu ni wa matajiri. Ni kweli kwamba vyombo vya dukani vina bei kubwa, lakini mafunzo yake hayana bei. Mwanafunzi anayetaka kujaribu na aanze hapa hapa shuleni, katika kiwanja cha mpira, baada ya masomo. Apate ufito mwembamba unaopindika, afunge kamba ya katani yenye uzito kidogo, na kwenye ncha afunge kipande cha pamba badala ya ndoana, asije akamjeruhi mtu. Aweke kofia chini, umbali wa hatua kumi, ajaribu kuilaza pamba ndani yake. Akiweza mara tano katika kumi, huku ufito ukingoja vema nyuma, mkono wake uko tayari. Kupumua kwake atakufundisha mlima, na huko kila mmoja huanza darasa la kwanza.